Nani Atamwigiza Bibi

Wanaume wa kundi letu la vichekesho walijipaka unga mweupe kuzunguka mdomo na macho, wakafunga tumbo la matambara chini ya shati, basi, wakawa tayari. Mimi nilipakwa makaa. Mkaa ulisagwa kwenye kifuniko cha sufuria, ukatiwa mawese kidogo ili ushike, kisha nikapakwa uso mzima, shingo, mpaka nyuma ya masikio. Sasa, mimi ni mweusi tangu kuzaliwa. Ni weusi wa watu wa mtoni, upande wa Yanonge, ambao mama yangu aliupaka mafuta kila asubuhi kisha akarudi nyuma kidogo kuutazama, kama mtu aliyemaliza kufua nguo zikatakata. Jukwaani weusi huo haukutosha. Ilibidi uongezwe, uonekane mpaka viti vya nyuma.

Mchezoni nilikuwa mke wa kwanza. Mke wa pili alikuwa binti aliyejichubua kwa losheni mpaka vifundo vya vidole vyake vikabaki peke yao na rangi ya zamani. Yeye hakupakwa kitu, aliambiwa tu azungumze Kifaransa kwa pua. Mume alikuwa mkuu wa kundi, ambaye sote tulimwita directeur, mtu mnene wa Mangobo mwenye sauti inayofika mtaa wa pili. Mchezo wetu uliopendwa kuliko yote ulikuwa mfupi. Mume anarudi amelewa, anateleza mlangoni, anakuta chakula kimepoa, anachukua mwiko na kunipiga nao. Mimi nalia. Mke wa pili anajitazama kwenye kioo.

Watu walikuja kwa ajili ya kilio. Directeur ndiye aliyekitunga, akanifundisha nyuma ya nyumba yake mpaka majirani wakalalamika. Kilianza chini tumboni, kama mtu anayesukuma gari bovu. Kikapanda, kikakaa juu muda mrefu hadi watu wakaanza kucheka kwa hofu kwamba pumzi itanikatikia, kisha kikavunjika ghafla na kuishia kwenye mlio wa mbuzi. Hapo kwenye mbuzi ndipo wanaume walipopigana viganja. Nilipopita sokoni watoto walinililia kilio changu, nao wakakimbia. Muuza mkate alinililia. Hata padri mmoja, Mungu amsaidie, alinililia kidogo mlangoni mwa kanisa.

Sitajifanya kwamba nilikuwa nikiteseka wakati wote. Kuchekesha watu ni raha kubwa. Unasikia kicheko kikija kutoka nyuma, kinapita safu kwa safu, kinakupiga kifuani, na kwa muda ule hakuna kodi ya nyumba wala homa ya mtoto. Nilipenda kuchekesha na bado napenda. Kilichonikera kilikuja polepole, na kilikuja kwa sababu ya macho ya wanawake.

Miradi ya mashirika ya misaada ilipenda sana mchezo wetu. Walituita kila walipokuwa na kampeni ya kukataza watu wasipige wake zao. Nyuma yetu lilitundikwa bango linalosema mwanamke asipigwe. Mbele ya bango nilipigwa, na watu wakavunjika mbavu. Kule Kapalata, kambini, wanajeshi waliomba kipigo kirudiwe, tukarudia. Wake zao walikaa nyuma, wengi wakiwa na watoto mgongoni, na nao walicheka, lakini niliona kwamba kila mmoja alimtazama mumewe kwanza, akahakikisha kwamba amecheka, ndipo naye akacheka. Mmoja alichelewa kumtazama wa kwake, akawa ameshacheka. Sikumsahau, sijui hata kwa nini.

Bibi yangu, mzaa mama, nilikaa naye nyumbani kwangu katika komini ya Tshopo, sehemu mojawapo ya mji wetu. Ujana wake wote aliuza samaki wa kukaushwa. Alikuja mjini kwa mtumbwi akiwa na mimba ya mama yangu na hakurudi tena kijijini ila kwa mazishi. Sisi wajukuu tulimwita koko, kama anavyoitwa kwetu bibi yeyote. Yeye aliniita mbanda, yaani mke mwenzake, kwa sababu kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke wa babu, na bibi ana haki ya kumwonea wivu na kumtukana kwa mapenzi mchana kutwa. "Mbanda, umepika hii ao umeiua?" Ndivyo alivyoshukuru chakula.

Alikuwa mchekeshaji kuliko sisi wote kwenye kundi. Hakuhitaji unga wala tumbo la matambara. Aliketi kwenye kigoda chake, akainua bega moja tu, na pale pale ukamwona mtoza ushuru wa bandarini, yule aliyekuwa akinusa samaki mmoja mmoja kabla ya kusema kiasi chake. Akashusha bega, akalegeza mdomo, ukamwona mke wa mtoza ushuru. Alikuwa amewatazama watu tangu zamani, akiwa ameketi chini nao wamesimama, na kutoka pale chini aliwaona vizuri sana. Kila ninachojua kuhusu kutazama mtu nilikipata kwake.

Siku moja alikuja kutuona. Tulicheza kwenye uwanja wa parokia, mchana, na wakamweka kiti cha plastiki mstari wa mbele kwa heshima ya uzee wake. Mwiko ukaanza. Nikaanza kulia. Kilio kilipofika kule juu nilimwona akisimama, akajifunga vizuri kikwembe chake cha kitenge kiunoni, akaondoka. Alipita katikati ya watu waliokuwa wakipiga viti kwa kicheko, na hakuna aliyemwangalia. Mimi nililazimika kumalizia na mbuzi.

Nilimkuta nyumbani akichambua sombe, majani ya muhogo. Nilikuwa bado na makaa nyuma ya masikio.

"Mbanda," akasema bila kuinua macho, "ule mwanamuke iko nani?"

"Ni mutu ya théâtre tu, koko."

"Mimi niliona wanawake. Niliona bengi. Mwanamuke banamupiga, atalia juu ya maumivu, ao atalia juu ya hasira, ao atanyamaza na kukamata mutwangio. Ule wenu analia juu wanaume bacheke. Ule mwanamuke haiko. Ni wao walimutengeneza."

Nikamwambia ni kazi, kazi ni kazi. Akaendelea na majani yake. Kisha akasema lile jambo ambalo ndilo sababu ya mimi kuandika haya yote.

Lazima kwanza nieleze. Kwetu mzee akifa, maiti yake haitoki uani kabla wajukuu hawajamwigiza. Watoto wake hawawezi, wao wana majonzi na aibu. Wajukuu ndio wenye ruhusa. Wanavaa nguo zake, wanasimama njiani mbele ya jeneza na kulizuia, wanatembea kama alivyotembea, wanasema alivyosema, wanamtania vile alivyowatania. Watu wakicheka, na wakicheka kwa sababu wamemwona yeye, basi njia inafunguliwa. Wazee wanasema yule aliyekufa anasikia kicheko kile na anakwenda nacho, ndicho chakula chake cha safari. Baada ya kaburi, mchezo umekwisha, hakuna wa kuigizwa.

"Siku yangu," bibi akasema, "utaniigiza weye. Weye unajua. Lakini uniigize mimi. Batu bacheke, eeh, bacheke sana, sitaki matanga ya kukunja sura! Lakini bacheke mimi. Ile mutu yako ya makaa, asikanyage hapa mu lupango yangu."

"Koko, bado uko sana."

"Unasikia ao hausikii?"

"Nasikia."

Miezi michache baadaye akaja mjini mwanamke mmoja mweusi kutoka Ubelgiji. Alizaliwa hapa hapa, akachukuliwa akiwa mdogo, sasa alikuwa msanii, kichwa amekinyoa, viatu vya kiume. Alifungua warsha kwenye ukumbi mmoja wa Makiso, akawaalika wanawake wanaofanya michezo ya jukwaani, nami nikaenda kwa sababu kulikuwa na chakula cha mchana, sina haja ya kuficha. Alisema anafanya sanaa ambayo mwili wa msanii mwenyewe ndio mchezo, bila hadithi ya kukariri. Alisema pia yeye ni mfeministi, tena wa wanawake weusi, kwa kuwa mwanamke mweusi ana mambo yake ambayo wengine hawamsemei. Nilimchukia papo hapo.

"Ndeko, dada yangu," nikamwambia, "hapa sisi wote tuko weusi. Nani ataniona mweusi?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakukasirika. Akaniuliza jukwaani nafanya nini, nikamweleza, mpaka makaa nikamweleza.

"Kwa nini wanakupaka makaa?"

"Juu nionekane mweusi."

"Kwani weye iko mweupe?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Nimekuwa mchekeshaji miaka mingi, najua kujibu walevi, najua kujibu wanajeshi, lakini hapo nilijikuta nikijifuta shavu kana kwamba makaa bado yapo. Akaendelea kuuliza, taratibu, kama mtu anayetoa mwiba: mke wa pili kwa nini haguswi na mwiko? Anayepigwa ni mwenye rangi gani? Watu wakicheka, wanamcheka nani, na nani anarudi nyumbani akiwa na nafuu? Nikamjibu kwa ukali kwamba watu wanacheka kwa sababu wamechoka, kwamba maisha ya hapa yangemtoa machozi yeye na viatu vyake. Akasema anajua. Akasema hataki watu waache kucheka.

Jioni ile nilimsimulia bibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo mwanamke ameolewa, nikasema hapana, akasema, "Ana akili." Halafu akamwigiza, mtu ambaye hajawahi kumwona, kwa jinsi nilivyomweleza tu: akajipapasa kichwa kama kipara, akanyoosha miguu yake iliyovimba kana kwamba imevaa viatu vizito, akaniangalia kwa huruma kubwa. "Kwani weye iko mweupe?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Nilikwenda kwa directeur na kumwambia sitaki tena makaa. Hakunigombeza. Alikuwa mtu mwema kwangu, mtoto wangu alipolazwa ni yeye aliyenipeleka kwa pikipiki yake chini ya mvua. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mama, bila makaa uko tu mwanamuke. Nani atakuja kuangalia mwanamuke?"

Nikaendelea na makaa. Kundi jingine mjini lenye nafasi ya mwanamke kufanya kitu kingine halikuwepo, na mimi bila jukwaa ningekauka.

Bibi alikufa msimu wa mvua, kwa homa iliyomkuta tayari amechoka. Hospitalini alikuwa akinishika kidole gumba kama mtoto. Hakurudia agizo lake, aliniangalia tu, na mimi nikaitikia kwa kichwa kwamba nakumbuka. Usiku mzima wa matanga sikulia. Nilijiambia nitalia nikishamaliza kazi yake. Nilikaa jikoni kwenye moshi, nikimpitia kichwani: jinsi alivyokaa, jinsi alivyonyanyuka kwa kushika goti la mtu aliye karibu hata kama hamjui, jinsi alivyomfunika samaki kichwa kwa jani mnunuzi akitaja bei ya chini, ili samaki, alisema, asisikie matusi. Hofu ilinishika kuliko siku yoyote ya jukwaani. Sikuwa na jambo jingine la kumpa. Nilikuwa na hili moja tu.

Asubuhi ua ulikuwa umejaa. Turubai lilifungwa kutoka ukuta hadi ukuta, viti vya plastiki vya kukodi, watu wa mtaa, watu wa kanisa, wenzake bibi wa soko la samaki wakiwa wamekaa kwenye mikeka kando ya ukuta wa jiko. Kundi letu lilikuja lote, na ngoma, kwa heshima. Hilo lilinigusa. Jeneza likatolewa, likawekwa juu ya stuli mbili. Mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi, mtumishi wa serikali mwenye koti na saa ya mkononi, akatangaza kwamba sasa ni zamu ya wajukuu.

Nikatoka jikoni nimevaa kikwembe cha bibi, kitambaa chake cha kichwa, kandambili zake zilizoliwa upande. Uso wangu niliuosha, nikaupaka mafuta, basi.

Kicheko kilianza kabla sijafika kwenye jeneza. Nilikifahamu kicheko kile, nilikuwa nimekilea mwenyewe miaka yote. Hakikuwa kicheko cha kumwona bibi. Walimwona mke wa kwanza. Nikajikaza, nikatembea mwendo wa bibi, nikashika goti la mtu aliyekaa karibu ili niketi chini, nikaweka karai la kubuni mbele yangu, nikamfunika samaki kichwa. Wanawake wa kwenye mikeka waliinua shingo, nikaona mmoja ameanza kutabasamu. Na hapo sauti ya kijana ikatoka nyuma ya turubai:

"Lia!"

Kisha nyingine. "Mama, lia! Fanya mbuzi!" Wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja, lia, lia, lia. Niliinua mkono kama bibi alivyofanya kuwanyamazisha wateja, wakadhani ndio mwanzo wa kilio, wakashangilia. Niliongea kwa sauti yake, haikusikika. Nikasema kwa sauti yangu, "Leo hapana, nawaomba," wakacheka zaidi, kwa kuwa hata kuomba ni sehemu ya mchezo wetu, mke wa kwanza huomba sana kabla ya mwiko. Nikasimama tu mbele ya jeneza, mikono chini. Makofi yakapungua, yakaisha. Ukimya ukaingia uani, na ulikuwa mbaya. Watu walianza kutazamana, mtu akakohoa, mtoto akauliza kwa sauti kama imekwisha.

Mjomba akaja, anatazama saa.

"Bon. Tunafanya nini? Gari ya maiti inangoya. Unaweza ao hauwezi?"

"Tonton, uniache nianze tena. Ubaambie banyamaze."

"Batu habacheke. Mama hawezi kutoka vile, unajua muzuri." Akageuka. "Directeur! Iko hapa, si ndiyo? Saidia sisi. Donc, weye ni professionnel."

Directeur alisimama nusu, hakutaka. "Tonton, mimi si mujukulu."

"Alors? Mujukulu ameshindwa."

Directeur alinitazama. Nilitikisa kichwa kwamba hapana, na aliona, najua aliona. Kisha akawatazama watu, wote wamemgeukia, baadhi wameshaanza kumpigia makofi. Mtu wa jukwaa akingojwa na umati vile hana tena macho ya kumwona mtu mmoja. Akaja. Mjomba wangu mwenyewe, mtoto wa yule aliyelala ndani ya sanduku, akanifungua kikwembe kiunoni mbele za watu na kumkabidhi. Nikabaki na gauni langu.

Hakukuwa na mkaa wa kusaga. Akaenda kwenye mawe matatu ya jiko la matanga, akapitisha kiganja chini ya sufuria kubwa, akajipaka masizi uso mzima. Akapachika mito miwili nyuma. Akatoka akitikisa makalio, akijikwaa, akiuza samaki ambaye hakuna aliyemtaka, akijilamba midomo mbele ya vijana. Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo ya turubai. Wanaume walifuta machozi. Na naapa, alikuwa hodari, kama ningekuwa mgeni ningecheka. Hakukuwa na bibi hata kidogo. Mwisho akajitupa juu ya jeneza na kulia kile kilio, kutoka chini, mpaka juu, mpaka mbuzi, na ua wote ukasimama kumshangilia. Kilio kilikuwa chake tangu mwanzo, mimi nilikuwa nimekiazima tu.

"Ule si mujukulu!" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka kwenye mikeka. Hakuna aliyemsikia. Njia ikafunguliwa, jeneza likanyanyuliwa, bibi yangu akatoka.

Makaburini nilikitia kitambaa chake mdomoni na kukiuma. Mwanamke wa kanisa aliyesimama karibu nami alinipapasa mgongo, akaniambia, "Lia, mama, lia, utapona." Sikuweza kumweleza. Nyuma yangu walikuwepo wale vijana, na nilijua nikifungua mdomo, chochote kitakachotoka, hata kama ni cha kweli kuliko vyote nilivyowahi kutoa, watangoja mbuzi. Walitupa udongo. Niliona udongo unajaa. Nilimzika bibi yangu bila kumlilia, na hasira yangu siku ile ilikuwa kubwa kuliko huzuni, na huzuni nayo ilikuwa kubwa.

Tuliporudi, watu wakanawa mikono kwenye beseni mlangoni, wanaume wakakaa chini ya turubai na chupa zao. Directeur alinifuata mpaka jikoni. Alikuwa ameshanawa uso, ila kwenye kope masizi yalibaki. Akanirudishia kikwembe amekikunja vizuri.

"Walicheka muzuri," akasema kwa upole. "Muzee amekwenda muzuri. Usijali, mama, kila mutu anaweza kukwama siku moja."

Aliamini alikuwa ananifariji. Nilikipokea kikwembe kwa mikono miwili, kama tulivyolelewa. Sikurudi tena kwenye kundi lake, na nasikia kilio sasa anakilia msichana mwingine, naye pia anapakwa.

Saa ile ile wale wanawake wa soko la samaki wakaniita nyuma ya jiko, mahali pa kuoshea vyombo. Walikuwa wamebaki wanne. Mkubwa wao, ambaye jicho lake moja lilikuwa limekwisha, alikuwa ameketi juu ya sufuria iliyopinduliwa.

"Vaa," akasema.

"Koko, amekwisha kuzikwa."

"Vaa, nimesema. Fanya."

Nikajifunga kikwembe. Sikujua nianze wapi, lakini mmoja wao akanisaidia: "Ile siku ya mukatekisi." Basi nikafanya ile siku ya mkatekisi, mwalimu wa dini aliyefiwa na mke, aliyekuwa akija kila jioni kumposa bibi akiwa na Biblia kwapani. Bibi hakusema ndiyo wala hapana. Alimpa karai la samaki alibebe kutoka mtoni mpaka nyumbani, "tuone kama mwili bado inaweza ndoa." Kisha njiani akamsalimia kila mtu. Kila mtu. Nikawa bibi, nasimama, naulizia mama mkwe wa huyu, jipu la mtoto wa yule, mvua ya jana, mihogo ya mwaka huu, na nyuma yangu mkatekisi, nikawa yeye pia kwa bega moja, shingo inadidimia, maji ya samaki yanamtiririkia kwenye kola. Na mlangoni bibi akamshukuru sana, akamwambia, "Baba, Mungu amenijibu. Nahitaji pousse-pousse ya kusukuma muzigo, si bwana."

Walicheka. Mmoja alianguka ubavuni kwenye maji ya vyombo na hakunyanyuka, akawa anapiga ardhi kwa kiganja. Mwingine alikuwa anasema, "Ni yeye, ee Mungu, ni yeye, angalia mabega yake." Walimcheka yeye, vile alivyotaka, kutoka tumboni, na wala hawakumtazama mtu kwanza. Nilicheka pamoja nao. Kwa muda mfupi bibi alikuwepo pale kwenye matope, mnene, mweusi, mjeuri, amewashinda wote.

Kisha kicheko kikaisha wakaanza kujipangusa macho. Kutoka mbele tulisikia wanaume wakisimuliana upya jinsi directeur alivyojitupa kwenye jeneza.

Nikapiga magoti mbele ya yule mkubwa wao. "Koko, kicheko hii itamufikia?"

Alinitazama kwa lile jicho lake lililobaki. Angeweza kunidanganya, na ningemshukuru.

"Hapana, mujukulu," akasema. "Amekwenda na ile ya ule bwana."